Alama za Uandishi katika Barua na Taarifa za Kazini

Mwandishi wa Kiswahili katika ofisi za Lubumbashi, Bukavu au Goma kwa kawaida amejifunza alama za uandishi kwa njia ya Kifaransa. Aandikapo Kiswahili, huchukua alama za lugha ile na kuzitia katika lugha hii. Mara nyingi hapana madhara. Kutumia « » au “ ” kwa kunukuu, kuacha nafasi kabla ya nuktambili au kutoiacha, ni desturi tu: mtu achague moja na kuifuata tangu mwanzo wa waraka hadi mwisho. Lakini ziko mahali ambapo alama hubeba maana yenyewe, na hapo ndipo kosa huleta hasara. Makala hii yaeleza mahali pane.

1. Alama ya kuuliza

Kifaransa chaweza kuonyesha swali kwa kugeuza mpangilio wa maneno, au kwa kutanguliza est-ce que. Kiswahili chaweza kutanguliza “je”, lakini hakilazimiki. “Mzigo umefika” na “Mzigo umefika?” ni maneno yale yale katika mpangilio ule ule. Kinywani sauti ndiyo itofautishayo. Karatasini ni alama peke yake. Karani akiisahau, aliyeulizwa atadhani amearifiwa, wala hatajibu. Kwa hiyo, katika ujumbe mfupi wa kazini, yafaa kuandika “je” pamoja na alama.

2. Mkato

Tulinganishe sentensi hizi:

Mlinzi asema dereva ameiba mafuta.
Mlinzi, asema dereva, ameiba mafuta.

Katika ya kwanza mshtakiwa ni dereva. Katika ya pili ni mlinzi. Mikato miwili yatosha kumhamishia mtu lawama ya mwenzake.

Vishazi vya urejeshi navyo vyataka uangalifu. “Magunia yaliyolowa yarudishwe” maana yake ni kwamba yale makavu yabaki. “Magunia, yaliyolowa, yarudishwe” yaamuru yote yarudi, kwa kuwa yote yamelowa. Mpokeaji hana njia nyingine ya kujua idadi iliyokusudiwa.

Hata hivyo, mkato usitiwe kila mahali msomaji avutapo pumzi. Kosa lionekanalo sana katika matangazo ni kutenga kiima na kitenzi chake: “Wafanyakazi wote wa idara ya usafirishaji, wanaombwa kufika.” Kiima hata kiwe kirefu namna gani, hakitengwi na kitenzi kwa mkato mmoja.

3. Mkato na nukta katika namba

Hapa ndipo hatari ilipo kubwa kuliko pote. Kwa desturi ya Kifaransa mkato hutenga sehemu ya desimali, na maelfu hutengwa kwa nafasi. Wengi pia huweka nukta. Tanzania na Kenya hufuata desturi ya Kiingereza: nukta kwa desimali, mkato kwa maelfu. Basi “kilo 1,500” kwa msomaji wa Lubumbashi yaweza kuwa kilo moja na nusu. Kwa msomaji wa Dar es Salaam ni kilo elfu moja na mia tano. Tofauti ni mara 1 000. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jambo hili lastahili kuangaliwa zaidi katika hati zivukazo mipaka. Dawa yake ni nyepesi: maelfu yatengwe kwa nafasi (1 500), na kiasi cha fedha au uzito kiandikwe pia kwa maneno.

4. Ritifaa

Katika Kifaransa alama hii huonyesha herufi iliyodondoshwa. Katika Kiswahili sanifu, ritifaa ya “ng'ombe” au “ng'oa” haionyeshi kudondoshwa kwa chochote. Ni sehemu ya kuandika sauti yenyewe. “Ng'oa” ni kuchomoa kitu kilichoshikilia ardhini. “Ngoa” bila ritifaa ni wivu. Mhariri asiifute kwa kuidhani ziada.

Kuhariri kwa sikio

Mwaka 1965 André Yav alitunga kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Katika maandishi hayo yaliyopigwa taipu, mipaka ya maneno na alama za kituo havikufuata kanuni za shule. Johannes Fabian alipoyatayarisha hata kuyachapisha mwaka 1990, ilibidi mwenyeji wa lugha ayasome kwa sauti, ndipo mafungu ya maneno yakatengana na maana ikajitokeza. Kazi ya Yav haikupungua thamani kwa hilo. Ila msomaji wake wa mbali alihitaji sauti ya mtu mwingine.

Barua ya kazini haisafiri pamoja na msomaji wa namna hiyo. Kwa hiyo kazi ya sauti ifanywe kabla ya kuituma. Mwandishi ampe mwenzake asiyejua habari hiyo aisome kwa sauti, naye asikilize bila kumsaidia. Mahali msomaji anapokwama, au anapoliweka swali kama taarifa, pana alama iliyokosekana au iliyozidi. Hatimaye namba zote zisomwe peke yake, moja baada ya nyingine, kwa maneno kamili.