Kabla ya kwenda kutazama nyumba unayotaka kununua

Katika Luka 14 kuna mtu aliyealikwa karamuni akaomba radhi, kwa sababu alikuwa amenunua shamba na sasa ilimpasa kwenda kulitazama. Katika shule ya teolojia tulisoma habari yake kama kisingizio tu. Lakini tangu niwe mchungaji huku Maniema ya kusini, ninaona jambo lingine: mtu yule alinunua kwanza, akaenda kutazama baadaye. Kwetu wako wengi wa namna yake.

Wanaotafuta nyumba Kasongo wana haraka. Wengine wametoka upande wa Kabambare na Salamabila kwa sababu ya vita, nao wamechoka kulala kwa jamaa. Wengine wamepata pesa kidogo katika dhahabu au katika biashara ya mchele, na wanaogopa isije ikaisha mikononi. Komisionea anaijua haraka hiyo. Ndiyo sababu atakuambia kila mara kwamba kuna mnunuzi mwingine, anakuja kesho asubuhi na dola zake.

Miaka iliyopita, baba mmoja wa kanisa letu alitazama nyumba jioni, mara moja. Matofali ya kuchoma, mabati mapya, bei nzuri. Alilipa wiki ileile, nami nikaitwa kutia sahihi kama shahidi, nikatia. Baada ya miezi minane wakafika dada wawili wa muuzaji kutoka Kindu. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, na wao hawakuulizwa neno. Tena yule mama mzee aliyekuwa akikaa katika chumba cha nyuma, ambaye sisi tulidhani ni mpangaji, alikuwa mjane wa marehemu. Familia ya kanisa ililazimika kulipa mara ya pili ili wasifukuzwe. Tangu siku hiyo sitii sahihi kwa nyumba ambayo sijaikanyaga mwenyewe.

Kwa hiyo, unapojitayarisha kwa ziara ya kwanza, jitayarishe kuwatazama watu kabla ya kuta. Mwenye nyumba ni nani? Aliipata kwa nani? Ana mke? Kama ana mke, mke yuko wapi siku ya ziara? Sheria yetu ya familia, ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wakubaliane ndipo nyumba iuzwe. Mwanaume anayeuza wakati mke amekwenda shambani, na anayekuomba usimwambie mtu, amekwisha kukujibu.

Kama nyumba ni ya urithi, ulizia watoto wote wa marehemu, hata wale waliozaliwa nje ya ndoa ikiwa baba aliwatambua akiwa hai. Sheria hiyohiyo inawapa watoto angalau robo tatu ya urithi, wasichana sawa na wavulana, hata kama desturi ya ukoo inasema mengine. Naye mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Basi ukiona mtu anapika nyuma ya nyumba, msalimie, keti naye, umuulize yeye ni nani hapa. Sisi hatukumuuliza.

Kuna jambo lingine ambalo linagusa sana ndugu zetu wa Kabambare. Nyumba nyingi ziliachwa watu walipokimbia. Anayebaki kulinda huanza kwa kulinda, kisha anapangisha, kisha siku moja anauza. Ukiambiwa kwamba mwenyewe “alikwenda na hatarudi”, uliza amekwenda wapi, na ni nani ana simu yake. Mkristo aliyekimbia vita na kuacha nyumba yake hawezi kununua kwa raha nyumba ya mkimbizi mwenzake.

Nenda mchana, si jioni. Nenda na mke wako au mume wako, na fundi mwashi ambaye hamjuani na muuzaji. Pesa ibaki nyumbani, hata ile ya kuonyesha nia. Kama komisionea anadai malipo ya kukutembeza, mpatane kiasi kabla ya kuondoka, si mkiwa tayari mlangoni.

Mwache fundi afanye kazi yake: nyufa zinazopanda kutoka msingi, mchwa katika mbao za juu, tofali mbichi zilizofunikwa kwa simenti ili zionekane za kuchoma. Wewe ulizia maji. Kisima kiko wapi, na kinakauka mwezi wa saba? Choo kiko mbali gani na kisima hicho? Maji ya mvua yanapita wapi? Katika udongo wetu mwekundu mfereji mdogo wa leo unaweza kufika ukutani baada ya misimu michache. Ukiweza, rudi siku moja mvua ikinyesha. Hakuna komisionea atakayekualika siku hiyo.

Mipaka muulize jirani, tena muuzaji akiwa palepale, na tembeeni pamoja kutoka kona mpaka kona. Jirani anaweza kuwa Mwislamu, kama ilivyo kwa wengi Kasongo. Ukinunua, ndiye utakayekuwa unamwamkia kila asubuhi, na ushuhuda wake utakusaidia kuliko wa mtu wa kanisa anayekaa mbali.

Sasa karatasi. Kwa sheria ya Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya serikali; raia anapewa haki ya kuutumia. Karatasi inayothibitisha haki hiyo kikamilifu imeandikwa juu yake certificat d'enregistrement, na inatoka kwa mtunza hati za ardhi wa serikali, si kwa shefu wa kartie. Ikiwa imepita miaka miwili tangu itolewe, ni vigumu sana mtu kuibomoa mahakamani; kama ni ya mwaka huu, ulizia zaidi. Lakini tuseme ukweli: nyumba nyingi za kwetu hazina hati hiyo. Utaonyeshwa karatasi ya shefu au barua ya mauzo ya zamani. Sikuambii uikatae nyumba kwa sababu hiyo tu. Ila ujue kwamba karatasi ya namna hiyo nguvu yake ni watu walioishuhudia, na kama watu hao hawapo au hawapatani, umenunua kuta tu. Omba kuiona yenyewe, si nakala, uandike majina na tarehe, kisha uende kwa shefu bila muuzaji.

Yeremia aliponunua shamba la Hanameli aliita mashahidi, akapima fedha mbele yao, akafanya hati mbili, akaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu. Na mji ulikuwa umezingirwa na jeshi! Kama yeye alipata nafasi ya kufanya hayo yote, wewe utakosaje wiki mbili?

Mwaka jana dada mmoja wa kwaya alitazama nyumba tatu. Ya kwanza aliiacha kwa sababu muuzaji alikasirika alipoulizwa majina ya ndugu zake. Ya pili, jirani alimnong'oneza kwamba mwenyewe yuko kambini Tanzania na bado anapiga simu. Ya tatu ndiyo anayokaa sasa. Kisima kiko mbali, naye hulalamika kila Jumapili.