Ganzi ya meno: geuza tyubu usome nyuma

Anayekula embe bichi kwa chumvi na pilipili anajua jinsi meno yanavyokufa ganzi. Kufikia kipande cha mwisho hata wali laini unaliwa kwa tahadhari. Ganzi hiyo ni ya siku moja, huisha yenyewe. Ipo nyingine isiyoisha: maji ya friji, chai ya moto, kashata, hata upepo wa asubuhi juu ya bodaboda, vyote huchoma jino mara moja kama sindano, kisha maumivu hutoweka ghafla kama yalivyokuja.

Neno lenyewe lina utani. Kwa mla maembe, ganzi ndiyo maumivu; kwa daktari wa meno, ganzi ni sindano ya kuyaondoa. Dawa za meno zinazouzwa kwa ajili ya tatizo hili nazo zimegawanyika makundi mawili, ila mnunuzi hawezi kulijua hilo kwa kutazama picha ya barafu iliyochorwa kwenye boksi.

Jino limefunikwa kwa enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kisicho na neva hata moja. Chini yake kuna dentini, na hiyo ni kama chujio: milimita moja ya mraba ina makumi ya maelfu ya vijitundu vyembamba kuliko unywele, vimejaa majimaji na vinaelekea kwenye kiini cha jino. Katika miaka ya 1960, Msweden Martin Brännström alifanya majaribio ambayo bado yanafundishwa vyuoni. Yalionyesha kwamba baridi, sukari au upepo huyasukuma majimaji hayo, na neva za ndani huusikia msukumo huo kama maumivu.

Kwa hiyo jino lililofunikwa vizuri halilalamiki. Shida huanza fizi zikirudi nyuma na shingo ya jino kubaki wazi, au enameli ikilika. Enameli huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, na soda ya kola iko karibu na 2.5. Ndimu na ukwaju navyo havina huruma. Mswaki mgumu unaosuguliwa kama sufuria lililoungua humalizia kazi. Na ule mkaa wa kusugulia meno, ambao mabibi waliuacha dawa ya dukani ilipofika, siku hizi umerudi ndani ya tyubu ya bei kubwa kwa jina la kung'arisha. Mwenye ganzi aupite tu.

Nyuma ya tyubu, kwenye maandishi madogo, ndiko dawa yenyewe inakotajwa. Ikiwa ni potasiamu naitreti, kwa kawaida asilimia 5, hiyo ni ya kundi la kutuliza: potasiamu hupenya vijitundu na kuifanya neva iwe nzito kupeleka taarifa. Kundi la pili huziba vijitundu vyenyewe. Humo kuna floraidi ya bati, kuna arginini iliyochanganywa na kalsiamu kaboneti, na kuna unga wa kioo unaotokana na ugunduzi wa Larry Hench, ambaye mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha Florida alikuwa akitafuta kitu cha kuungana na mfupa wa binadamu, wala hakuwa na habari na mswaki.

Potasiamu imetangazwa kuliko ilivyothibitishwa. Mwaka 2006 wachambuzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kupima ushahidi wa tiba, waliona kwamba ushahidi wake haukuwa na nguvu ya kutosha. Wapo wanaopata nafuu, lakini haiji kwa siku mbili. Inahitaji wiki mbili hadi nne za kupiga mswaki asubuhi na usiku. Wengi hubadilisha dawa siku ya tano na kusema imewadanganya.

Dawa yoyote itakayochaguliwa iwe na floraidi, kati ya 1000 na 1500 ppm kwa mtu mzima. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako maji yenye floraidi nyingi yamewaachia watu meno ya kahawia, wengine huliogopa neno hilo. Rangi ile huingia utotoni, jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya. Mtu mzima anayetema povu lake haimpati.

Kutema kunatosha. Kusukutua kwa kikombe kizima cha maji huiondoa dawa kabla haijafanya kazi. Mswaki uwe laini, mkono uwe mwepesi, muda uwe dakika mbili. Baada ya juisi ya ndimu ni vizuri kusubiri nusu saa, maana enameli iliyotoka kulowa asidi husugulika kirahisi. Dawa ya arginini inaweza pia kupakwa kwa kidole pale panapouma.

Kinachoweza kumponza mtu ni kutumia dawa hizi kuficha jambo jingine. Maumivu ya jino moja tu, yanayobaki dakika kadhaa baada ya maji kumezwa, au yanayomwamsha mtu usiku, kwa kawaida ni ya jino lililotoboka au lenye ufa. Mtoto wa chini ya miaka 12 anayelalamikia baridi naye aanzie kwa daktari; tyubu nyingi za potasiamu zimeandikwa hivyo, kwa herufi ndogo, palepale nyuma.