Prodyuza wa Singeli Auze Wapi Ngoma Zake? Tupige Hesabu ya Makato

Prodyuza wa singeli anayemaliza albamu yake Mburahati, Dar es Salaam, hana shida ya kusikika mtaani. Ngoma inaingia kwenye flash, inamfikia dijei wa kigodoro, na usiku huohuo watu wanaichezea. Kazi ngumu ni kumfanya msikilizaji wa Berlin au Nairobi ailipie. Milango ya kupitia ni mingi, kila mmoja una makato yake, na wengi huchagua wenye jina kubwa bila kupiga hesabu.

Tuchukue albamu ya dola 8. Bandcamp, duka lililoanza mwaka 2008, halitozi chochote kuweka kazi yako. Linakata asilimia 15 faili linaponunuliwa, yaani dola 1.20. Ongeza ada ya malipo ya kadi au PayPal, ambayo kwa bei hii tuikadirie senti 50. Zinabaki dola 6.30. Spotify haina bei maalumu ya kila wimbo unaosikilizwa, lakini makadirio ya kawaida ni kati ya dola 0.003 na 0.005. Tukishika hiyo ya chini, mnunuzi mmoja wa Bandcamp anakuwa sawa na kusikilizwa mara 2,100. Tena tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu Spotify. Albamu yenye ngoma kumi, kila moja ikasikilizwa mara 900, imechezwa mara 9,000 na mwenyewe hajapata hata senti.

Ndiyo maana nasema bila kusita: kwa muziki wa kielektroniki kama singeli, duka la mauzo litangulie. Wateja wetu wakubwa ni madijei, na dijei anahitaji faili lenyewe, WAV au FLAC, aliingize kwenye mashine zake. Bandcamp humwachia mnunuzi achague aina ya faili. Kwa njia hiyo lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliuza nje mkusanyiko wa singeli wa Sounds of Sisso mwaka 2017, na masikio ya Ulaya yakageukia Dar es Salaam. Msanii wa kielektroniki KMRU wa Nairobi naye anauza kazi zake Bandcamp, na ameweka pia nyimbo za babu yake, Joseph Kamaru, mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu.

Lakini kabla hujapakia chochote, kagua PayPal, maana fedha za Bandcamp hupitia huko. Katika nchi nyingi za Afrika akaunti ya PayPal hukuruhusu kulipa tu, si kupokea. Kenya mambo ni mepesi: tangu 2018 fedha za PayPal zinaweza kuhamishiwa M-Pesa. Aliye katika nchi isiyopokea atahitaji lebo au mshirika aliye kwingine, na hapo mkataba wa maandishi ni wa lazima, hata kama mshirika ni ndugu. Uandike nani anapokea, anabaki na asilimia ngapi, na ripoti ya mauzo inatoka lini.

Spotify na Apple Music utazifikia kupitia msambazaji, na hapa bei zinadanganya macho. DistroKid hutoza dola 20 na kitu kwa mwaka, unapakia ngoma upendavyo, na haikati asilimia kwenye mapato ya usikilizwaji. CD Baby hutoza takriban dola 10 mara moja kwa kila toleo, kisha inachukua asilimia 9. RouteNote ina mpango wa bure unaokata asilimia 15. Anayetoa albamu moja tu na kuiacha sokoni miaka mitano atalipa DistroKid zaidi ya dola 100. Kwa CD Baby hafikii gharama hiyo mpaka albamu iingize kama dola 1,000. Ila prodyuza wa singeli haishii kwenye albamu moja. Anayetoa singo kila mwezi, ada ya mwaka ndiyo nafuu yake. Ajue tu kwamba akiacha kulipa DistroKid, ngoma zinaweza kuondolewa, isipokuwa alipie zaidi kila toleo ili libaki.

Boomplay, Audiomack na Mdundo zitumie kwa ajili ya masikio ya nyumbani. Mapato ni madogo, lakini ndiko walipo wasikilizaji wenye simu za kawaida na bando la kuhesabu.

Kwenye kujitangaza ndiko pesa nyingi inakopotelea. Kuwapendekezea wahariri wa Spotify wimbo wako ni bure, kupitia Spotify for Artists, na inafaa ufanye hivyo siku 7 au zaidi kabla wimbo haujatoka. Discovery Mode, huduma ya Spotify ya kusukuma wimbo kwa wasikilizaji, haidai fedha mkononi, lakini inakata asilimia 30 ya mapato ya usikilizwaji unaotokana nayo. Kwa mwenye wasikilizaji wachache sioni faida yake. Anayekuahidi wasikilizaji 10,000 kwa dola kadhaa mkimbie kabisa: Spotify hutoza faini kwa nyimbo zenye usikilizwaji bandia, wasambazaji wengine humtwisha msanii faini hiyo, na wimbo unaweza kufutwa.

Pesa hiyo ni bora ibaki mfukoni, kwa sababu Bandcamp inakupa kitu ambacho Spotify haitoi: barua pepe za wanunuzi waliokubali kupokea habari zako. Wenye kununua mara moja ndio wa kuandikiwa kwanza ngoma mpya ikitoka. Ipange itoke siku ya Bandcamp Friday, utaratibu ulioanza Machi 2020, ambapo duka linaacha asilimia zake zote kwa msanii. Kwa albamu yetu ya dola 8, siku hiyo unaondoka na dola 7.50.