Dereva Mlevi Mbele ya Sheria

Hapa Kisangani pikipiki za abiria zapita mchana na usiku, toka Mangobo hata Makiso. Waendeshaji wengi ni vijana wanaolisha jamaa zao kwa kazi hiyo. Lakini wako wanaokunywa bia au lotoko, kisha wakashika usukani. Mmoja wao akikamatwa, mara nyingi jamaa huuza mbuzi na mabati kabla ya kuuliza sheria yasemaje. Basi na tuulize.

Sheria ya barabarani ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Yataka mwendeshaji awe katika hali ya kuweza kuendesha, na mlevi hana hali hiyo. Akimgonga mtu, huingia pia sheria ya adhabu, vifungu vya 52 hadi 54, juu ya wanaoumiza au kuua bila kukusudia. Aliyejeruhi aweza kufungwa tangu siku 8 hadi mwaka 1. Aliyeua, tangu miezi 3 hadi miaka 2. Na faini juu yake. Wengine hudhani mlevi atasamehewa kwa kuwa hakujua alilotenda. Sivyo! Kunywa hali wajua utaendesha, huko ndiko kukosa uangalifu kwenyewe. Tena iko fidia ya yule aliyeumizwa, na tajiri aliyemwajiri dereva aweza kudaiwa pamoja naye. Ndiyo maana sheria yalazimisha bima.

Hata hivyo mkosaji hapotezi haki zake. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 18, yaamuru aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoifahamu, na aruhusiwe kuwapasha habari jamaa zake au wakili wake. Polisi wasimweke zaidi ya saa 48; zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria. Na kama dereva amekimbia? Mkewe au ndugu yake asishikwe mahali pake. Kifungu cha 17 chakataza kabisa mtu kukamatwa kwa kosa la mwingine. Jambo hili yafaa lijulikane katika kila nyumba.

Msaada watoka wapi? Sheria ya mawakili ya mwaka 1979, kifungu cha 43, yakitaka chama cha mawakili kiwe na ofisi ya kuwashauri bure wasio na mapato ya kutosha. Chama hicho kiko Kisangani. Wako pia watetezi wa mahakamani ambao si mawakili kamili, lakini waweza kusema mbele ya mahakama ya amani, inayohukumu kesi za namna hii. Nendeni mapema, mkichukua leseni, hati ya bima, jina la kituo cha polisi na saa aliyokamatwa. Faini yoyote mlipayo, dai stakabadhi; fedha isiyo na karatasi haitakuwa na shahidi kesho.

Aliyegongwa naye asisahauliwe, maana pengine ni maskini kuliko dereva. Yeye pia aweza kwenda ofisi ile ile ya ushauri, akapewa wakili mwingine wa kumdaia fidia. Na hukumu ikisomwa mbele ya wote wawili, asiyeridhika ana siku 10 tu za kukata rufani.