Saladi ya Viazi

Katika nchi ya Marekani, jamaa hukusanyika tarehe 4 Julai kuukumbuka uhuru uliotangazwa mwaka 1776, nao hupenda kula saladi ya viazi vya Ulaya.

Viazi hutiwa katika maji baridi, ndipo chungu hutelekwa. Vikitiwa katika maji yachemkayo, huiva nje, na ndani vingali vigumu. Vikiisha kuiva, humenywa, hukatwa, na kunyunyiziwa siki vingali moto, ili ladha ipenye. Vikipoa, huchanganywa na vitunguu, mayai yaliyochemshwa, na rojo ya viini vya mayai na mafuta.

Lakini Julai huko ni majira ya joto. Chakula hiki kikikaa juani, vijidudu visivyoonekana kwa macho huongezeka upesi, na furaha ya karamu hugeuka kuwa ugonjwa. Kwa hiyo mpishi mwenye busara hukiweka penye barafu hata wageni waketi.