Kuotesha Jerbera kwa Mbegu Unguja

Jerbera ni mmea wa jamii moja na alizeti na mchunga. Huishi miaka kadhaa na kutoa maua mekundu, ya manjano, ya waridi au meupe. Asili yake ni Barberton, Afrika Kusini, ambako Robert Jameson aliukusanya katika miaka ya 1880; Joseph Hooker aliuchapishia maelezo ya kitaalamu mwaka 1889. Kinachoonekana kuwa ua moja ni vijiua vingi vilivyosongamana, vile vya ukingoni vikiwa na ulimi mrefu wa rangi.

Kwao jerbera huota kwenye miteremko isiyotuamisha maji, yenye usiku wa baridi. Unguja ni kisiwa cha joto, unyevu na mawe ya matumbawe, kwa hiyo mkulima ana maadui watatu: joto wakati wa kuotesha, maji yanayotuama na chokaa.

Joto hukwepwa kwa kuchagua msimu. Mbegu huota vizuri kwenye nyuzijoto 20 hadi 25, na Unguja hukaribia kiwango hicho wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, masika yakishapita. Mbegu ziwe mpya, kwani hupoteza uhai upesi. Kila moja ina kishungi cha manyoya kama ya mchunga. Husimamishwa ncha ikiwa chini na kishungi juu, bila kufukiwa sana, kwa sababu mwanga huisaidia kuota. Sinia hufunikwa kwa nailoni na kuwekwa kivulini. Miche huchomoza baada ya wiki moja hadi mbili, na huhamishwa ikishakuwa na majani mawili au matatu ya kweli.

Ili maji yasituame, huhitajika udongo mwepesi, unaopatikana kwa kuchanganya vumbi la makumbi, mchanga na samadi iliyooza. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba yana chumvi. Vumbi lake lioshwe mara kadhaa kwa maji baridi. Mchanga wa ufukweni haufai, kwani una chumvi na chokaa pia. Chungu kiwe na matundu chini. Wakati wa kupanda, kitovu ambamo majani huchipukia kibaki juu kidogo ya udongo; kikifukiwa, huoza.

Katika nyua za Mji Mkongwe, lipu ya chokaa inayomomonyoka ukutani huingia vyunguni, na maji ya visima vya mawe nayo huwa na chokaa. Mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Dawa yake ni kutenga chungu na ukuta na kumwagilia maji ya mvua asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani.

Jerbera inahitaji jua kwa muda wa saa tano au sita kwa siku, hasa la asubuhi. Katika ua wenye kuta ndefu, mmea huzaa majani matupu. Paa la saruji hufaa zaidi, mradi kuwe na kivuli cha mchana wakati wa kaskazi. Mvua za vuli na masika zikianza, vyungu huhamishiwa upenuni.

Miche ya Juni huanza kuchanua mwishoni mwa mwaka. Bua lililonyauka hung'olewa kuanzia shinani. Mbegu za machotara hazirudii rangi ya mama. Anayetaka rangi ileile hugawa shina kuukuu katika kipupwe kinachofuata, kila kipande kikiwa na mizizi yake.