Ndani ya Kifaru Tulikuwa Wanne

Watu wengi hudhani anayepanda kifaru anakwenda vitani akiwa amejificha. Chuma kimemzunguka pande zote, risasi ya bunduki haipenyi, basi ahofie nini? Niliingia jeshini nikiamini hivyo hivyo. Nilizaliwa Nyamwaga, Tarime, katika mji ambao babu alitumikia KAR, jeshi la kikoloni la enzi za Mwingereza, na kijana wa kwetu akisema anakwenda jeshi hakuna aliyemshangaa. Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera, nilikuwa tayari mjazaji wa makombora kwenye T-59, kifaru cha Kichina. Leo nalima mahindi na mtama nje kidogo ya Mugumu, wilayani Serengeti, na vijana wanaosubiri kuitwa JKT hunijia kuuliza habari za vita. Wao huuliza juu ya adui. Mimi huanza na kifaru chenyewe.

T-59 ina uzito wa tani 36 na hubeba watu wanne. Dereva yuko mbele kushoto, chini, peke yake. Huku juu, ndani ya kichwa kinachozunguka, mpiga mzinga anakaa kushoto mwa mzinga na kamanda anakaa nyuma yake. Upande wa kulia ni wa mjazaji. Kombora moja la milimita 100, pamoja na ganda lake, lina karibu kilo 30. Unalichomoa lilipopangwa, unaligeuza mahali ambapo mtu mrefu hawezi kunyoosha mgongo, kisha unalisukuma ndani kwa ngumi. Nasema ngumi, kwa kuwa mlango wa mzinga hujifunga wenyewe mara ganda linapoingia, na vidole vilivyochelewa vinabaki humo. Halafu unajitenga haraka. Mzinga ukipigwa, kitako chake kinarudi nyuma kama nusu mita, na mfupa wa mtu hauwezi kukizuia.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalijui. Sakafu ya kifaru kile haizunguki. Mpiga mzinga akigeuza kichwa cha kifaru, kiti chake na cha kamanda vinakwenda pamoja nacho, lakini mjazaji anaufuata mzinga kwa miguu, akikanyaga maganda matupu yaliyotoka motoni sasa hivi, huku kifaru kikiyumba juu ya mawe. Nina alama kwenye muundi mpaka leo.

Dereva naye ana hatari yake. Safarini hutoa kichwa nje apate kuona njia na kuvuta hewa. Akiwa hivyo, mtu wa juu haruhusiwi kugeuza mzinga kabla dereva hajajibu kwamba amerudi ndani na kufunga mfuniko, maana bomba la mzinga hupita pale pale kichwa chake kilipokuwa. Ubavuni mwake yamepangwa makombora zaidi ya nusu ya yote 34 tuliyobeba, jirani na tangi la dizeli. Kifaru kikitobolewa mahali pale, mambo huisha kabla mtu hajafika mlangoni. Tulilijua hilo, na hatukulizungumza.

Joto ni hadithi nyingine, na ni ya zamani kuliko sisi. Waingereza walipoviingiza vifaru vya kwanza vitani Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916, watu wanane walikaa chumba kimoja na injini, wakapumua moshi wake hadi wengine wakazimia. Sisi injini yetu ilikuwa nyuma, imetengwa kwa ukuta. Hata hivyo, mifuniko ikifungwa juani, jasho linaingia machoni, na moshi wa baruti unabaki kooni. Maji tulikunywa kwa zamu, kwa kipimo. Anayehara ndani ya kifaru huwatesa wenzake watatu, kwa hiyo chakula kilichokaa usiku kucha tulikikataa hata tukiwa na njaa.

Usiku dereva na mimi tulisafisha kichujio cha hewa, kwa kuwa vumbi likiingia kwenye injini umekwisha. Tulikaza minyororo, tukagonga pini kwa nyundo, tukajaza mafuta: zaidi ya lita 800 kwa safari ya kilomita 400 na kitu. Ndipo mtu anatafuta pa kulala. Mvua ikinyesha, mgeni anaona pazuri ni chini ya kifaru. Ni mwiko. Ardhi ikilowa, chuma kinazama polepole, na aliyelala hapati nafasi ya kutoka. Kamanda wetu alipomkuta kijana amejilaza kule alimvuta miguu bila kusema neno. Tulilala juu ya injini, penye uvuguvugu, tumejifunika turubai.

Machi 1979 tulifika Lukaya. Barabara ya kwenda Kampala hupita juu ya tuta katikati ya kinamasi. Askari wa miguu akishambuliwa hujitupa pembeni. Kifaru kikitoka kwenye tuta kinadidimia. Tarehe 10 majeshi ya Amin pamoja na Walibya, waliokuwa na vifaru vya T-55, waliirudisha nyuma Brigedi yetu ya 201. Kesho yake 201 ikiwa imejipanga upya, na Brigedi ya 208 ikitokea kaskazini-magharibi, adui walishambuliwa kutoka pande mbili wakavunjika. Tarehe 11 Aprili Kampala ilikuwa mikononi mwetu. Vijana huniuliza niliona nini kwenye mapigano. Mjazaji haoni kitu. Husikia jina la kombora linalotakiwa, hujaza, hupiga kelele kwamba tayari, na husubiri kishindo.

Kishindo hicho ndicho nilichorudi nacho nyumbani. Tulivaa kofia laini zenye sponji na spika masikioni, lakini mlio wa mzinga hupita desibeli 140, na vinyweleo vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio vikishakufa havioti tena. Hutangulia kupotea sauti nyembamba: s, f, sauti za watoto, sauti za kina mama. Mtu anasikia kwamba anasemeshwa, hajui anaambiwa nini, anajibu kwa nguvu. Na sisi watu wa Tarime tumekwisha kubandikwa sifa ya ukali. Mzee akipaza sauti sokoni Sirari au Nyamongo, watu husema ni Mkurya huyo, mwacheni. Nawafahamu wenzangu ambao wake zao waliishi na hasira ambayo haikuwapo, na watoto wakajifunza kukaa mbali na baba. Hili linaniuma kuliko alama ya muundini.

Huku Mugumu tembo hutoka hifadhini usiku kuja kula mahindi. Mlinzi wa shamba humjua kwa mlio wa mabua yanayovunjika, nami mlio huo siupati. Mkwe wangu, mke wa kijana wangu mkubwa, ndiye aliyeligundua. Aliniambia, "Baba, hukunijibu mara tatu, na hukuwa umekasirika." Tangu siku hiyo mjukuu hulinda pamoja nami, tochi mkononi mwangu, masikio yake. Mavuno yakiisha, mimi na wenzangu wawili wa rika langu tunakwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, tukapimwe masikio. Mmoja wao bado anabisha kwamba anasikia vizuri. Mke wake ndiye atakayempeleka kupanda basi.